Digrii Moja na Ushei

Mchimbaji wa tanzanaiti anapotoka shimoni kule Mirerani, huwa anang'aa. Uso, mikono na nguo zake vimepakwa unga wa kijivu wenye mng'aro wa chuma, unga usiotoka kwa maji ya mara moja. Ni kinywe, madini ambayo kila mtoto wa shule ameyashika ndani ya penseli. Mirerani kinywe ni uchafu unaoizunguka tanzanaiti. Mahenge na Ruangwa ndicho kinachotafutwa chenyewe. Kokote kilipo, tabia yake ni ileile: kinateleza na kinaacha alama.

Kinateleza kwa sababu kimejengwa kwa matabaka. Kila tabaka ni wavu wa atomu za kaboni zilizopangwa katika maumbo ya pembe sita, mithili ya sega la nyuki, na unene wake ni wa atomu moja tu. Ndani ya wavu huo atomu zimeshikana kwa nguvu kubwa mno, lakini tabaka na tabaka zimegusana kwa ulegevu, kama kurasa za kitabu. Milimita moja ya kinywe ina matabaka yapatayo milioni tatu. Penseli inapopita kwenye karatasi, ni kurasa hizo zinazobaki nyuma.

Watu waliitumia tabia hiyo kwa karne nyingi kabla ya kufikiri kuchukua ukurasa mmoja, kuulaza juu ya mwingine, na kuuzungusha kwa digrii moja na ushei. Walipofanya hivyo, kaboni ya penseli ikapitisha umeme bila ukinzani wowote. Habari hiyo husimuliwa zaidi kama ushindi wa hesabu. Hesabu zilikuwapo, tena nzuri. Lakini zilikaa miaka saba zikisubiri mikono iliyoweza kuzitekeleza, na ni mikono hiyo inayostahili kusimuliwa.

Tabaka la kwenye karatasi, 1930–2003

Miaka ya 1930, Lev Landau na Rudolf Peierls walitoa hoja iliyowakatisha tamaa wengi. Fuwele yenye urefu na upana tu, bila kimo, walisema, ingetikiswa na joto lake yenyewe mpaka mpangilio wake uvurugike. Tabaka moja la atomu lingeweza kuishi likiwa limelala juu ya kitu kingine au ndani ya rundo la wenzake, si peke yake.

Hoja hiyo haikumzuia P. R. Wallace kulitumia tabaka hilo katika hesabu. Mwaka 1947, nchini Kanada, alitaka kuelewa jinsi umeme unavyopita ndani ya kinywe, madini yaliyokuwa yamepata cheo kipya kwa sababu ya kazi yake katika mitambo ya nyuklia. Kinywe kizima kilikuwa kigumu kukokotoa, hivyo akaanza na tabaka moja, kama fundi anayepima chumba kimoja kabla ya kukadiria nyumba. Hesabu zikampa jibu geni. Ndani ya tabaka hilo elektroni husafiri kana kwamba hazina uzito, kwa mwendo ambao leo unajulikana kuwa wa kilomita elfu moja hivi kwa sekunde.

Huko Ujerumani, Hanns-Peter Boehm na wenzake walieleza mwaka 1962 kwamba walikuwa wamepata vipande vyembamba mno vya kaboni kwa njia ya kemia, na mwaka 1986 Boehm alishiriki kulipa tabaka hilo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliandika grafini. Jina likawa tayari. Kitu chenyewe, kikiwa kipande kinachoweza kuunganishwa na waya na kupimwa umeme, kilikuwa bado.

Selotepu, 2004

Andre Geim alihamia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 2001 akiwa na sifa ya mtu anayejaribu mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ndiye aliyekwisha kumwelesha chura hewani kwa sumaku. Pamoja naye alikuwa Konstantin Novoselov, kijana aliyemfuata kutoka Uholanzi. Jioni za Ijumaa walijipa ruhusa ya kufanya majaribio yaliyokuwa nje ya kazi zao rasmi.

Mojawapo lilikuwa kukikwangua kinywe kiwe chembamba kadiri iwezekanavyo. Mwanafunzi mmoja mgeni alipewa kipande na kuambiwa akisugue. Alisugua kipande kizima mpaka kikabaki kidonge chenye unene wa mikromita kumi hivi, yaani bado maelfu ya matabaka. Ndipo mtafiti mwenzao kutoka Kharkiv, Oleg Shklyarevskii, alipowaonyesha kitu kilichokuwa kikitupwa kila siku. Wenye hadubini za ncha walikuwa wakikisafisha kinywe kwa kubandika selotepu juu yake na kuibandua, kisha selotepu inaingia kwenye debe la taka. Juu ya selotepu hiyo kulikuwa na vipande vyembamba kuliko chochote kilichopatikana kwa kusugua.

Kilichofuata kingeweza kufanyika mezani jikoni. Selotepu ilikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, kila mara vipande vikigawanyika, kisha ikagandamizwa juu ya sahani ya silikoni iliyofunikwa na oksaidi yenye unene wa nanomita 300 hivi. Unene huo ndio bahati kubwa ya habari hii. Juu yake mwanga huchezeana kwa namna ambayo hata tabaka moja la atomu hubadilisha rangi kidogo, na jicho lililozoea huliona kwa hadubini ya kawaida. Vifaa vya kwanza Novoselov aliviunganisha kwa kibano, kijiti cha meno na rangi ya fedha. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwezi Oktoba 2004. Mwaka uliofuata wao, na kundi la Philip Kim wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walithibitisha kwamba elektroni za grafini hutenda kama Wallace alivyokokotoa. Tuzo ya Nobel ikafika mwaka 2010.

Fuwele za Tsukuba

Grafini ya miaka hiyo ilikuwa na kasoro iliyowasumbua wote. Ilikuwa imelala juu ya oksaidi ya silikoni, na uso wa oksaidi hiyo, kwa kipimo cha atomu, ni kama barabara ya vumbi baada ya masika: mabonde, vilima, na chaji za umeme zilizonaswa huku na kule. Elektroni zilijikwaa. Palihitajika kitanda kilichonyooka.

Kitanda kilikuwa kimeshatengenezwa Japani kwa nia nyingine kabisa. Katika Taasisi ya Kitaifa ya Sayansi ya Vifaa mjini Tsukuba, Takashi Taniguchi alikuwa akitumia shinikizo kubwa la haidroliki kukuza fuwele za boroni naitraidi chini ya mgandamizo na joto vinavyofanana na vya kina kirefu cha ardhi. Mwenzake Kenji Watanabe alizipima kwa mwanga. Mwaka 2004, mwaka uleule wa selotepu ya Manchester, walitangaza kwamba fuwele hizo safi hutoa mwanga wa urujuanimno. Hawakuwa wakifikiria grafini.

Boroni naitraidi ya aina hiyo pia ni matabaka ya pembe sita, yanalingana na yale ya kaboni kwa tofauti isiyofika asilimia mbili, lakini haipitishi umeme. Mwaka 2010, kule Columbia, Cory Dean akifanya kazi na James Hone na Philip Kim alilaza grafini juu ya fuwele za Tsukuba na kukuta elektroni zikiteleza kwa ulaini ambao oksaidi haikuwahi kuuruhusu. Tangu hapo fuwele za wazee hao wawili zimesambazwa kwa maabara duniani kote, na majina yao yamo mwishoni mwa orodha ya waandishi katika mamia ya makala. Msomaji wa makala hizo huyazoea hadi asiyaone tena. Asiruke. Bila mitambo ya Tsukuba karibu hakuna hata moja kati ya matokeo yatakayofuata hapa ambalo lingeonekana.

Neti mbili, 2007–2011

Chukua chandarua, kikunje mara mbili, kitazame kwenye mwanga wa dirisha. Matundu ya upande mmoja hayakutani sawasawa na ya upande wa pili. Penye kukutana pana mwanga, pasipokutana pana kiza, na jicho huona mawimbi makubwa ambayo hayamo katika neti yenyewe. Ukizungusha upande mmoja, mawimbi yanabadilika. Na jambo la kushika ni hili: kadiri pembe inavyokuwa ndogo, ndivyo mawimbi yanavyokuwa makubwa.

Wafaransa waliuita mchoro huo muare, jina la hariri yenye mawimbi. Wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha mpaka kwenye neno la Kiarabu mukhayyar, kitambaa kilichochaguliwa, lenye mzizi uleule uliotupa sisi neno hiari. Wenye hadubini za ncha walikuwa wakiuona muare juu ya kinywe tangu karibu mwaka 1990, pale tabaka la juu lilipokuwa limezunguka kwa ajali. Wengi waliuona kama dosari ya sampuli.

Mwaka 2007, J. M. B. Lopes dos Santos na Nuno Peres wa Ureno, pamoja na Antonio Castro Neto aliyekuwa Boston, waliuliza dosari hiyo inazifanya nini elektroni. Waligundua kwamba pembe ikipungua, mwendo wa elektroni nao unapungua. Mwaka 2010 kundi la Eva Andrei wa Chuo Kikuu cha Rutgers lilizipima alama za jambo hilo kwa hadubini. Mwaka huohuo, mjini Valparaíso nchini Chile, Eric Suárez Morell na wenzake walikokotoa kwamba katika pembe ya digrii moja na nusu hivi elektroni zingekaribia kusimama kabisa. Wenye fani huita hali hiyo bendi bapa. Kundi hilo halitajwi inavyostahili. Halikuwa na mashine ya mamilioni, lilikuwa na kompyuta na swali zuri, na lilifika karibu sana na mahali ambapo wengine walivikwa taji.

Waliovikwa taji walikuwa Rafi Bistritzer na Allan MacDonald wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Kukokotoa matabaka mawili yaliyozungushwa kwa pembe ndogo ni kazi ya kuvunja moyo, kwa kuwa mchoro mmoja wa muare katika digrii 1.1 una upana wa nanomita 13 na atomu karibu elfu kumi na moja. Wao hawakuhesabu atomu moja moja. Walibaini kwamba kinachoamua mambo ni nambari moja tu, nguvu ya elektroni kuruka kutoka tabaka hadi tabaka, ikilinganishwa na pembe. Hapo tatizo likawa jepesi, na katika karatasi yao ya 2011 kulikuwa na jibu lisilo na utata: pembe ikipungua, mwendo wa elektroni unashuka, na kwenye digrii 1.05 hivi unakuwa sifuri. Wakaiita pembe ya maajabu.

Kwa nini kusimama kwa elektroni kuwe habari kubwa? Katika grafini ya kawaida elektroni ni kama bodaboda barabarani usiku wa manane: kila mmoja kasi yake, hakuna anayemjali mwenzake. Zipunguze mwendo hadi zikaribie kusimama, na ghafla kusukumana kwao kunakuwa na nguvu kuliko mbio zao. Kila moja inalazimika kujali iliko nyingine. Hapo ndipo tabia za kundi huzaliwa, kama usumaku na upitishaji umeme bila ukinzani.

Utabiri ulikuwa mezani. Aliyeweza kuujaribu hakuwapo.

Kurarua na kubandika, 2013–2016

Tatizo lilikuwa la fundi, si la mwananadharia. Vipande viwili vya grafini vilivyobanduliwa sehemu mbalimbali havina alama inayoonyesha mistari ya atomu zake inaelekea wapi. Kingo zilizonyooka hudokeza tu, na mara nyingi hudanganya. Mtu aliweza kulenga digrii moja akapata tano. Na kosa la sehemu ya kumi ya digrii tayari ni kosa kubwa, kwa sababu pembe ya maajabu ni nyembamba.

Hatua ya kwanza ilitoka tena Columbia. Mwaka 2013 kundi la huko lilionyesha namna ya kukusanya matabaka bila kuyagusisha na gundi wala kemikali. Boroni naitraidi iliyobandikwa chini ya polima iliyoshikwa na mpira laini unaopitisha mwanga hushushwa juu ya grafini na kuinyanyua kwa mvuto wa asili ulio kati ya matabaka. Tabaka moja linamwokota mwenzake, na hao wawili wanamwokota wa tatu. Katika rundo hilo grafini imefunikwa juu na chini, hivyo waya za dhahabu huunganishwa nayo ubavuni, kwenye ukingo wenye upana wa atomu moja. Mwaka huohuo makundi matatu yalitumia muare wa grafini juu ya boroni naitraidi kuonyesha mchoro wa nishati ambao Douglas Hofstadter aliukokotoa mwaka 1976.

Hatua ya pili ilifanyika Austin, ndani ya chuo kilekile cha Bistritzer na MacDonald, katika maabara ya Emanuel Tutuc. Wazo ni rahisi kiasi cha kumfanya mtu ajishike kichwa. Kama shida ni kutojua mistari ya atomu za vipande viwili inaelekea wapi, basi usitumie vipande viwili. Tumia kimoja, ukirarue.

Kazi yenyewe hufanyika chini ya hadubini, kwa subira ya mtu anayetunga shanga gizani. Kipande cha boroni naitraidi kinashushwa polepole mpaka kiguse nusu tu ya grafini. Mstari wa mguso unaonekana ukisogea, na mkono lazima usimame pale unapofika katikati. Kikinyanyuliwa, nusu iliyoguswa inapanda nacho, na grafini inararuka. Nusu ya pili imebaki chini, mistari yake ya atomu ikiwa bado inaelekea kulekule ilikoelekea kabla ya kuraruka. Sahani inazungushwa digrii 1.1 au 1.2. Boroni naitraidi inashushwa tena, na nusu inamwokota nusu mwenzake. Mwishoni polima inapashwa joto, kiasi cha nyuzi joto 170 za Sentigredi au zaidi, ilegee na kuliachia rundo juu ya silikoni.

Kila hatua ina mtego wake. Mapovu ya hewa na mafuta hunaswa kati ya matabaka. Grafini hujikunja. Mbaya zaidi, matabaka mawili ya kaboni hayapendi kuwa katika pembe ya maajabu. Asili yao ni kulala kama yalivyo ndani ya kinywe, na joto likizidi huteleza kurudi kwenye sifuri. Ndiyo sababu mafundi hulenga juu kidogo ya pembe wanayoitaka, kama mvuvi anayeelekeza ngalawa juu ya mkondo ili afike bandarini. Vifaa vingi hufa mezani kabla ya kupimwa. Baadaye wengine waliacha kurarua na kuanza kuikata grafini kwanza kwa ncha ya hadubini au kwa leza, maana mpasuko wa ghafla huyumbisha rundo.

Tutuc na mwanafunzi wake Kyounghwan Kim walichapisha mbinu yao mwaka 2016. Mwaka huohuo kundi la Pablo Jarillo-Herrero la MIT, karibu na Boston, nalo lilionyesha vifaa vilivyotengenezwa kwa kurarua na kubandika.

Machi 2018

Jarillo-Herrero, mzaliwa wa Valencia, Hispania, alijifunza kazi ya grafini kwa Philip Kim kabla ya kwenda MIT mwaka 2008. Alikuwa miongoni mwa wachache walioamini kwamba pembe ya maajabu inafaa kutafutwa. Katika maabara yake alikuwamo Yuan Cao, kijana kutoka Chengdu, China, aliyeingia chuo kikuu akiwa na miaka 14 na kupata shahada yake akiwa na 18. Wanaomjua hutaja kwanza mikono yake: alikuwa mtu wa kufungua vitu, kuunda vifaa vyake, na kurudia kazi mpaka ikubali.

Mwaka 2017 vifaa vyake vya karibu na digrii 1.1 viliingizwa katika jokofu linalotumia mchanganyiko wa aina mbili za heli kushuka hadi karibu na sifuri kamili. Kwa volteji, idadi ya elektroni ilibadilishwa taratibu. Kila umbo moja la muare lina nafasi ya elektroni nne katika bendi bapa. Hesabu za kawaida zilisema kwamba zikiwamo mbili, nusu ya nafasi, umeme upite vizuri. Haukupita. Kifaa kilikuwa kimegeuka kihami. Elektroni zilikuwa zimezuiana, kila moja ikiganda mahali pake kwa sababu ya jirani.

Hilo peke yake lilitosha kwa makala. Lakini Cao na wenzake walipoongeza au kupunguza elektroni chache kutoka hapo, ukinzani ulianguka hadi sifuri. Katika kifaa cha digrii 1.05 ulianguka kwenye kelvini 1.7.

Kelvini 1.7 si joto la kujivunia. Zebaki ya Heike Kamerlingh Onnes, iliyofungua habari za upitishaji huo mwaka 1911, ilifikia 4.2. Uzito ulikuwa kwingine. Kihami kilichopakana na upitishaji kamili, vikitenganishwa na elektroni chache tu, ndiyo picha iliyokuwa ikiwahangaisha wanafizikia tangu 1986, pale Georg Bednorz na Alex Müller walipogundua kauri za shaba zinazopitisha umeme bila ukinzani katika joto la juu kuliko nadharia ilivyoruhusu. Katika kauri hizo, kubadilisha idadi ya elektroni kwa kawaida ni kupika fuwele nyingine kwa mchanganyiko mwingine. Katika grafini iliyozungushwa, unazungusha kitufe cha volteji, na kifaa kimoja kinapita hali zote kwa mchana mmoja.

Makala mbili zilitoka kwenye mtandao wa jarida la Nature tarehe 5 Machi 2018, wiki ambayo wanafizikia wa Marekani walikuwa wamekusanyika Los Angeles. Watu waliokuja kuzungumzia mambo mengine walijikuta wakijadili pembe. Tawi hilo likashika jina la twistroniki, ambalo kundi la Harvard lilikuwa limelitumia mwaka mmoja kabla. Mwaka 2020 Bistritzer, Jarillo-Herrero na MacDonald walipewa Tuzo ya Wolf; Bistritzer wakati huo alikuwa ameshaacha fizikia ya chuo kikuu na kwenda kufanya kazi viwandani.

Wengine wajaribu, 2019–2021

Ugunduzi wa maabara moja hausimami mpaka mikono mingine iurudie. Matthew Yankowitz, Cory Dean na Andrea Young, kati ya Columbia na Santa Barbara, waliurudia na kuongeza jambo. Kifaa chao kimoja kilikuwa digrii 1.27, pembe kubwa mno. Badala ya kukitupa, walikigandamiza kwa zaidi ya mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa. Matabaka yakasogeleana, elektroni zikaruka kwa wepesi zaidi kati yao, na maajabu yakatokea katika pembe isiyokuwa yake. Nambari moja ya Bistritzer na MacDonald ilikuwa imesema kweli.

Mjini Stanford, kundi la David Goldhaber-Gordon lilikuta grafini iliyozungushwa ikiwa sumaku, ingawa hamna chembe ya chuma ndani yake. Ni mwendo wa elektroni wenyewe unaozunguka upande mmoja. Barcelona, Dmitri Efetov na wenzake walisafisha rundo kwa kuyakamua mapovu nje, na kwa usafi huo wakapata upitishaji kamili hadi kelvini 3 pamoja na hali nyingine ambazo hazikuwa zimeonekana katika vifaa vyenye taka. Usafi wa mkono ulileta fizikia mpya.

Kisha, mwaka 2020, kikaja kipimo kilichowanyamazisha wenye kiburi. Eli Zeldov wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, alipitisha ncha nyembamba yenye kuhisi sumaku juu ya vifaa hivyo na kuchora ramani ya pembe, nukta kwa nukta. Hapakuwa na kifaa chenye pembe moja. Ndani ya kipande kimoja, pembe ilikuwa ikipanda na kushuka kama ardhi ya Usambara. Kile kilichoandikwa katika makala kama digrii 1.1 kilikuwa wastani.

Mwaka 2021 makundi ya MIT na ya Harvard yaliongeza tabaka la tatu, la kati likizungushwa upande mmoja na la juu likirudishwa. Pembe ya maajabu ikawa kubwa zaidi, karibu digrii 1.6, na upitishaji ukawa imara zaidi.

Zaidi ya kaboni

Kaboni haikubaki peke yake. Kuna familia ya vifaa ambavyo tabaka lake moja ni atomu tatu kwenda juu, metali katikati na wenzake juu na chini: tungsteni diselenaidi, molibdeni ditelyuraidi na nduguze. Kwa hivi, Kin Fai Mak na Jie Shan, wakiwa Cornell, walifanya kazi kubwa kuliko wengi. Faraja yake ni kwamba haviringii pembe kama grafini. Taabu yake ni kwamba ditelyuraidi huharibika hewani, hivyo kila kitu hufanyika ndani ya sanduku lililojazwa gesi isiyodhuru, mikono ikiwa ndani ya glavu nene zilizofungwa ukutani. Ustadi wa Manchester, wa kibano na kijiti, unafanywa sasa kama daktari anayempasua mgonjwa kupitia dirisha.

Kazi hiyo ililipa mwaka 2023. Matabaka mawili ya molibdeni ditelyuraidi, yaliyozungushwa karibu digrii 3.7, yalionyesha elektroni zikishirikiana hadi umeme wake kuonekana kana kwamba umegawanyika katika vipande vya sehemu ya tatu. Jambo hilo lilijulikana tangu 1982, lakini lilihitaji sumaku kubwa mno. Hapa sumaku ya nje haikuhitajika, pembe ilitosha. Kundi la Xiaodong Xu wa Seattle, lile la Cornell, na watafiti wa Shanghai walilitangaza katika kipindi cha miezi michache. Januari 2025 makundi ya Cornell na Columbia yakachapisha kwamba tungsteni diselenaidi nayo, ikizungushwa digrii 3.65 au 5, hupitisha umeme bila ukinzani.

Wakati huohuo juhudi za kuipunguzia mikono mzigo zinaendelea. Mjini Tokyo, mwaka 2018, roboti ilitafuta vipande chini ya hadubini yenyewe na kujenga rundo la matabaka 29. Weizmann, kundi la Shahal Ilani lilitangaza mwaka 2023 hadubini ambayo ncha yake imevikwa tabaka moja, ikilaza tabaka hilo juu ya jingine na kulizungusha wakati kipimo kinaendelea, kwa hiyo pembe haiamuliwi tena mara moja na kwa daima. Na mwaka 2024 watafiti wa Harvard walionyesha kifaa kidogo cha silikoni kinachoshusha, kunyanyua na kuzungusha tabaka kwa amri ya umeme. Waliokijaribia walitumia boroni naitraidi. Miongoni mwa waliokiongoza ni Yuan Cao, yule kijana aliyekuwa akirarua grafini kwa mkono.

Grafini ya digrii 1.1, hata hivyo, katika maabara nyingi ingali inatengenezwa kwa namna ya 2016: mwanafunzi mmoja, hadubini moja, kipande cha selotepu, fuwele kutoka Tsukuba, na usiku mrefu wa kushusha na kunyanyua hadi rundo moja likubali.